Muuzaji ananipa ubao wa kike, kaka ananipa wake wa zamani: nichukue upi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia. Ni misimu kadhaa sasa tangu nianze kuteleza kwenye theluji, na muda wote nimetumia ubao wa kukodi. Njia za wastani nazishuka zote. Zile kali nazishuka kwa tahadhari. Nimejiwekea akiba kidogo kidogo na sasa nataka ubao wangu mwenyewe, mmoja wa kila kazi: asubuhi njia zilizolainishwa na mashine, mchana nitoke pembeni ikiwa kuna theluji mpya, na siku mojamoja niruke vituta vidogo. Mbao mbili siziwezi, wala sina pa kuziweka.

Shida imeanzia kwenye ushauri. Dukani, muuzaji alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, hakuniuliza uzito wala namba ya buti, akaniletea ubao wa kike wa sentimita 146, kiuno sentimita 23.4, laini sana, wenye umbo la roka. Akaniambia wanawake wanapenda mbao laini na kwamba nitaufurahia. Ameniwekea hadi Jumamosi.

Kaka yangu mkubwa naye anasema habari ya ubao wa kike ni rangi na maua tu, nisipoteze hela. Anataka nichukue wake wa zamani, sentimita 159, ni mpana kwa sababu yeye anavaa namba 46, na ni mgumu kweli. Anasema nikiuzoea huo hakuna ubao utakaonishinda.

Mimi nina urefu wa sentimita 174, uzito kilo 76, na buti navaa namba 42.

Kuna jambo jingine linaloninyima raha. Nikiwa na kasi kwenye theluji ngumu, kila nikikata kona kwa upande wa visigino ubao unaniponyoka na najikuta nimekaa chini. Upande wa vidole nina nafuu. Mwalimu aliyenifundisha alisema sikunji magoti ya kutosha. Nimeyakunja hadi mapaja yanawaka moto, na bado naanguka. Nimefika mahali naanza kuamini mwili wangu haukuumbwa kwa mchezo huu.

Nisaidie Shangazi. Nichukue upi? Na huku kuanguka kunatoka wapi?

Mpenda Mlima

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la mwisho, kwa sababu ndilo lililoniuma nilipokuwa nakusoma. Mwili wako hauna kasoro yoyote kwa mchezo huu. Mwanamke anayevaa namba 42 akienda kukodi, mara nyingi anapewa ubao wa kike ambao kiuno chake, yaani ile sehemu nyembamba ya katikati, ni sentimita 23 na kitu. Buti lake kwa nje linakaribia sentimita 30. Buti hilo likifungwa juu ya ubao huo linatokeza mbele na nyuma. Ukiteleza polepole hutaona tatizo, maana ubao umelala. Ukiongeza kasi na kuuinamisha ubao ubavu ili ukate kona, kisigino kinawahi kugusa theluji na kuanza kubeba uzito ambao ungebebwa na ukingo wa chuma. Ukingo unanyanyuka, unakosa cha kushika, na ubao unakutoka. Kwenye theluji laini kisigino kinazama na mambo yanaendelea. Kwenye theluji ngumu hakina pa kuzama. Ndipo hapo hasa unapoangukia, kwa maelezo yako mwenyewe.

Kwa nini visigino na si vidole? Buti nyingi zimechongwa kwenda juu kwenye ncha ya mbele, kwa hiyo vidole vina nafasi zaidi kabla ya kugusa chini. Halafu sehemu za kukodi watu hufungiwa haraka haraka. Baindingi, yaani kile kifungio kinachoshika buti kwenye ubao, ikikaa nyuma kidogo tu ya mahali pake, sehemu yote inayozidi inaangukia kisiginoni.

Usinikubali kwa maneno tu, kalithibitishe. Safari ijayo ukianguka hivyo, inuka, geuka utazame njia uliyopita. Kona iliyokatwa vizuri huacha mstari mmoja mwembamba na safi. Kisigino kikiwa kinaburuza utaona mkwaruzo wa pili sambamba na mstari huo, kwa upande wa ndani wa kona, mpana zaidi, kingo zake zimemeguka, na utaanza kabla ya pale ulipoanguka. Nyumbani pia unaweza kupima. Weka ubao kwenye zulia, vaa buti, jifunge, shika meza au mtu, kisha uinamishe ubao taratibu upande wa visigino huku mtu mwingine akiangalia kwa chini. Kinachogusa zulia pamoja na ukingo ndicho kinachogusa theluji.

Mwalimu wako hajakosea kuhusu magoti, mtu aliyesimama wima huanguka hata kwenye ubao mzuri. Lakini magoti hayafupishi buti. Hadi utakapopata ubao wako, omba mambo mawili kila unapokodi. La kwanza, baindingi zikae katikati, sehemu inayozidi mbele ya vidole ilingane na inayozidi nyuma ya kisigino. La pili, mguu wa mbele ugeuzwe nyuzi 15 kuelekea mbele, na wa nyuma nyuzi 6 hadi 12 kuelekea mkia, miguu itazame nje kwa pande zote mbili. Mguu uliowekwa mshazari huchukua nafasi ndogo zaidi juu ya ubao kuliko uliokaa sawasawa kukatisha. Hayo mawili hayaongezi gharama na utaona tofauti siku hiyohiyo.

Sasa mbao zako mbili. Usichukue wowote kati ya hizo.

Najua ni jibu gumu, maana mmoja umewekewa na mwingine ni wa bure. Wa duka ni mdogo kwako kwa kila upande. Kiuno cha sentimita 23.4 kitakurudisha kwenye tatizo lilelile la kisigino, tena safari hii ukiwa umelinunua. Urefu wa 146 hutengenezwa ukimlenga mtu mwepesi kuliko wewe kwa kilo nyingi. Ukiupakia kilo 76, ukingo unaoshika theluji utakuwa mfupi mno kwa uzito huo, pua itazama kwenye theluji mpya, na kwa kasi ubao utatetemeka chini ya miguu. Ulaini huo ambao muuzaji anausifu ni mtamu kwa anayejifunza kugeuka. Wewe umeshapita hapo.

Wa kaka una tatizo la upande wa pili. Ubao wa mtu mwenye namba 46 huwa na kiuno cha sentimita 26 na zaidi. Mguu wako hautafika vizuri kwenye kingo, na nguvu ya kuuhamisha ubao kutoka ukingo mmoja hadi mwingine hupitia kwenye vidole na kisigino vikiwa juu ya kingo hizo. Kila kona itachelewa. Ongeza ule ugumu: ubao mgumu unadai kasi na msukumo muda wote, na ukichoka hautakuonea huruma. Kaka anakutakia mema, ila mtu hajifunzi haraka kwa kupambana na kifaa kisicho saizi yake. Hujifunza kujilinda, na tabia hizo za kujilinda ni kazi kuziondoa baadaye.

Lakini kuna kitu kila mmoja wao amekigusa kwa nusu, nami nataka ukielewe vizuri kwa sababu ndicho kitakachokusaidia kununua leo na miaka ijayo. Mbao za kike zipo kwa sababu halali. Zamani wanawake walipewa mbao za wanaume au za watoto, na waliokuwa wepesi na wenye miguu midogo walihangaika kugeuza mbao pana zilizotengenezwa kwa watu wazito. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni zilianza kutoa mbao zilizopimwa kwa wanawake. Shannon Dunn, Mmarekani aliyepata medali ya shaba Nagano mwaka 1998, mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, ni miongoni mwa wanawake wa mwanzo kutengenezewa ubao wenye jina lao. Kwa hiyo si rangi na maua tu. Ubao wa kike kwa kawaida una kiuno chembamba, urefu mdogo na ugumu mdogo, ukimlenga mwanamke wa wastani. Kwa maelfu ya wanawake hilo ni sahihi kabisa, na kaka yako asiwakatishe tamaa.

Wewe unasimama pale ambapo wastani unaishia. Kwa kilo 76 na namba 42 uko mpakani, umezidi kiwango cha mbao nyingi za kike na unaangukia katikati ya mbao ndogo za kiume. Hivyo angalia pande zote mbili za duka bila aibu. Kuna kampuni zinazotoa mbao za kike za sentimita 153 hadi 156 zenye kiuno kipana, na kuna mbao za kiume za 153 au 154 zenye kiuno cha sentimita 25 ambazo zitakukaa vizuri. Kinachobebwa na ubao ni uzito wako, na kinachoufikisha ukingoni ni unyayo wako. Urefu wa mwili unahusika kidogo sana. Ule utaratibu wa kuusimamisha ubao wima na kuangalia kama unafika kidevuni au puani uuache, hauwezi kumtofautisha mtu wa kilo 55 na wa kilo 80 wenye urefu mmoja. Kila kampuni huchapisha jedwali la uzito kwa kila urefu wa ubao. Lisome hilo, na utafute ubao ambao kilo 76 zinaangukia katikati ya kiwango chake. Ukikuta kilo zako ziko mwishoni kabisa, panda urefu unaofuata.

Kuhusu kiuno, natarajia utaishia kwenye sentimita 24.5 hadi 25.2 hivi. Nasema hivi kwa tahadhari, kwa sababu kuna kipimo ambacho hujanipa, nacho kinaweza kubadilisha jibu zima: urefu wa unyayo wako halisi. Watu wengi huvaa buti kubwa kuliko mguu, hasa waliozoea za kukodi ambazo zimeshalegea. Simama kisigino kikiwa kimegusa ukuta, uzito wote ukiwa kwenye mguu huo, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, pima kwa sentimita. Pima miguu yote miwili na uchukue ule mrefu. Hiyo sentimita ndiyo namba ya mondo inayoandikwa ndani ya ulimi wa buti. Kwa kawaida namba 42 huwa karibu na 27. Ukikuta una 26, basi buti ulizokuwa unavaa zilikuwa kubwa, zimekuongezea urefu bure, na kisigino chako kilikuwa kinanyanyuka ndani ya buti kila ulipojaribu kuegemea ukingo. Hiyo peke yake inaweza kumwangusha mtu.

Ndiyo maana nakuomba, kama akiba haitoshi kwa vyote, uanze na buti. Ubao unaweza kuendelea kukodi, na ukishakuwa na buti zako utakodi ubao unaolingana nazo. Buti sahihi, ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo bila kujikunja, ukikunja magoti vinarudi nyuma, na kisigino hakinyanyuki hata ukisimama kwa vidole. Liwe limekubana kidogo likiwa jipya, maana bitana ya ndani hulegea kwa matumizi. Uliza pia buti zenye soli iliyofupishwa. Zipo, mguu ni uleule lakini kwa nje buti linapungua, na kwa mtu wa namba 42 hiyo ni faida kubwa.

Sasa umbo, kwa sababu hapo ndipo muuzaji alipokupotosha zaidi. Roka ni ubao ambao katikati umegusa chini na ncha zimenyanyuka. Unageuka kirahisi, unaelea kwenye theluji mpya, na haukuumizi sana ukikosea. Kwenye theluji ngumu hushika kidogo, kwa sababu ncha hazijagusa. Kemba ni kinyume chake: umelala kama upinde, katikati juu, sehemu za karibu na pua na mkia chini, na ukisimama juu yake unajinyoosha na kusukuma ukingo wote kwenye theluji. Unashika barafu, unakurusha vizuri kwenye vituta, ila hausamehe ukiweka uzito mahali pasipofaa. Katikati kuna mbao mseto, kemba chini ya miguu na roka kidogo kwenye pua, na nyingine kwenye mkia pia.

Kwa hayo uliyonieleza, chukua mseto ambao kemba imetawala. Asubuhi yako ni njia zilizolainishwa, ambazo mara nyingi huwa ngumu kabla jua halijazilegeza, na hapo ndipo unapohitaji kushika. Ile roka ya puani itakuinua mchana ukitoka pembeni. Usitegemee maelezo ya kwenye karatasi peke yake. Uweke ubao kwenye sakafu tambarare bila kuukanyaga, ingiza karatasi chini yake kwa ubavu na uisukume mpaka ikwame. Pale inapokwama ndipo ubao unapogusa. Kisha bonyeza katikati kwa kiganja na uangalie jinsi nafasi inavyojifunga. Ndani ya dakika moja utakuwa umeona umbo la ubao kwa macho yako.

Ugumu uwe wa kati, 5 au 6 kwa kipimo cha 1 hadi 10. Kipimo hicho hakina kanuni moja, kila kampuni ina chake, na 5 ya kampuni moja inaweza kuwa 7 ya nyingine. Linganisha ndani ya kampuni moja tu. Uliza pia ugumu huo umepimwa kwa uzito gani, kwa sababu ubao wa kike unaoitwa wa kati umelenga mtu mwepesi, na chini ya kilo 76 utakuwa laini. Kwa hiyo upande wa kike elekea 6, upande wa kiume 5 inatosha.

Kwa sura ya jumla, tafuta ule ambao pua na mkia vinakaribia kufanana, na pua imezidi kidogo. Utaweza kuteleza kwa kurudi nyuma ukitaka, na kwenye theluji mpya hautakuzamisha. Mbao za pacha kamili, ambazo pua na mkia ni sawasawa, ni nzuri kwa wanaoshinda kwenye vituta. Wewe umesema siku mojamoja.

Uso wa chini huwa wa aina mbili. Ule uliokandamizwa kwa joto kutokana na unga wa plastiki una kasi zaidi na hunywa nta, lakini lazima uupake nta mara kwa mara, la sivyo unakauka na kuwa na weupe karibu na kingo. Ule wa kawaida una kasi ndogo na hauna masharti. Kama hutapaka nta, chukua wa kawaida kwa amani kabisa.

Baindingi nunua saizi ya buti zako. Za kaka zitakuwa kubwa, na buti likicheza ndani ya baindingi hakuna ubao utakaokusaidia. Hakikisha zinaingiana na matundu ya skrubu ya ubao utakaouchagua, kwa sababu kuna kampuni zinazotumia reli ndefu badala ya matundu, na si kila baindingi inakubali.

Kabla ya kulipa, jaribu. Sehemu nyingi za kuteleza hukodisha mbao za daraja la juu kwa siku, na baadhi huruhusu kubadilisha mchana. Chukua 153 asubuhi na 156 mchana, ushuke njia ileile, na ile kona ya visigino uikate palipo na ugumu. Mapaja yatakuambia upi unakutumikisha na upi unakutumikia.

Jumamosi rudi kwa yule muuzaji. Mshukuru kwa kukuwekea, umwachie ubao wake, kisha umpe vipimo ambavyo hakukuuliza: kilo 76, unyayo sentimita kadhaa ulivyoupima, na unataka mseto wa kemba, ugumu wa kati, kiuno karibu na 25. Inawezekana kabisa anao stoo. Akisisitiza ule wa 146 hata baada ya kusikia hayo, nenda duka jingine.